Sikukuu ya kura isiwe fadhila ya waziri

Tarehe 10 Agosti 2027 itakuwa Jumanne. Siku hiyo Wakenya watachagua rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Hakuna anayelazimika kubahatisha tarehe hiyo, wala kungoja rais aitoe mfukoni kama ilivyokuwa zamani. Katiba ya 2010 ilishaamua: uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mtoto wa shule ya msingi akipewa kalenda ataipata.

Lisiloandikwa popote ni kwamba siku hiyo watu watapumzika kazini. Ni kweli tulipumzika tarehe 4 Machi 2013, tarehe 8 Agosti 2017 na tarehe 9 Agosti 2022. Lakini kila mara mapumziko hayo yalitokana na tangazo la waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka wa 2017 na 2022 aliyetangaza alikuwa Fred Matiang'i, akiwa msimamizi wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Tangazo la 2022 lilitoka siku chache tu kabla ya kura, ingawa tarehe yenyewe ilikuwa imejulikana kwa miaka mitano.

Siku ya kura inastahili kuwa sikukuu kwa mujibu wa sheria, na sheria hiyo inafaa kutungwa ikimkumbuka kwanza mtu asiye na mwajiri wa kumpa ruhusa. Anayetaka kujua kwa nini, na afike Migosi.

Dakika moja kwa kila mtu

Migosi ni mojawapo ya wadi sita za eneobunge la Kisumu ya Kati, jirani na Kondele. Ni mtaa wa watu wa kila aina. Wapo walimu, wauguzi na makarani wa kaunti wanaolipwa mwisho wa mwezi. Wapo pia vijana wa bodaboda, mafundi wa cherehani, mama fua, wauza mboga na vibarua wa mjengo ambao chakula cha jioni hutegemea walichopata mchana. Wote hao, siku ya uchaguzi, huishia kwenye foleni moja katika uwanja wa shule ya msingi.

Foleni hiyo haina mkato. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuta muda umeisha akiwa tayari kwenye foleni huruhusiwa kupiga kura. Kila kituo kinaweza kuwa na wapiga kura hadi 700. Tuhesabu: muda huo wa saa kumi na moja ni dakika 660. Wapiga kura wote 700 wakijitokeza, kila mmoja ana chini ya dakika moja ya kuweka kidole kwenye mashine ya utambulisho, kutafutwa jina na kupewa karatasi. Na karatasi ni sita. Kila moja inatiwa alama, inakunjwa, kisha inatumbukizwa kwenye sanduku lake, ambalo kifuniko chake kina rangi inayolingana na karatasi hiyo. Bibi kizee mwenye macho hafifu hawezi kuharakishwa, wala kijana anayepiga kura kwa mara ya kwanza. Mashine ikigoma kusoma kidole kilichochubuliwa na sabuni au saruji, wote walio nyuma wanangoja.

Ndiyo maana watu wa Kisumu hutoka nyumbani kungali giza. Wengine hufika kituoni kabla hata makarani hawajapanga meza. Jua la ziwa likishapanda, anayesimama foleni ni mwenye subira au mwenye nafasi. Hakuna mfanyakazi wa kawaida anayeweza kupiga kura akielekea kazini kisha aripoti saa mbili. Hakuna pia anayeweza kutoroka kidogo saa ya chakula cha mchana akarudi mezani kwa wakati. Siku ya kura ni siku nzima, na anayesema kwamba mtu anaweza kupiga kura bila siku hiyo hajawahi kusimama katika foleni hiyo.

Walichokuwa nacho wazazi wetu

Kabla ya Katiba mpya, tarehe ya uchaguzi ilikuwa silaha ya rais. Aliyekuwa Ikulu aliweza kuitangaza alipoona wapinzani hawajajipanga. Wengi bado wanakumbuka 1988, mwaka wa mlolongo, wapiga kura katika uteuzi wa wagombea wa chama tawala cha KANU walipopangwa nyuma ya mawakala walioshika picha za wagombea, na aliyekuwa na foleni fupi akatangazwa mshindi. Siri ya kura ilipotea kabisa mwaka ule, na mtumishi wa serikali aliyesimama foleni isiyotakiwa alionekana na kila mtu.

Vyama vingi viliporudi, chaguzi zilihamia mwisho wa Desemba: tarehe 29 mwaka wa 1992, tarehe 29 mwaka wa 1997, tarehe 27 mwaka wa 2002 na tarehe 27 mwaka wa 2007. Haikusemwa sana wakati ule, lakini Krismasi ilikuwa msaada mkubwa kwa mpiga kura. Mtu wa Migosi aliyejiandikisha kwao Gem, Alego, Seme au Emuhaya alikuwa tayari ameshakwenda dala, yaani nyumbani kwao, kula sikukuu na wazazi. Nauli ya Krismasi ndiyo iliyokuwa nauli ya kura. Ofisi zilikuwa zimefungwa, shule zilikuwa likizoni, na tajiri mwenyewe alikuwa amesafiri.

Jumanne ya Agosti imetupa tarehe isiyochezewa na rais, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini imetupokonya msimu huo wa mapumziko. Agosti watu wako kazini, na aliyejiandikisha mbali lazima achange nauli ya safari ya pekee. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350. Anayefunga kazi Jumatatu jioni, asafiri usiku, asimame foleni Jumanne na awe mezani Jumatano asubuhi, anafanya kazi ngumu kuliko ile aliyopewa mapumziko ili aiache. Ndiyo maana siku ya mapumziko inayotangazwa dakika za mwisho haimsaidii. Kufikia wakati huo nauli imeshapanda na mkuu wake ameshapanga zamu.

Kwa nini si Jumamosi wala Jumapili?

Wapo wanaouliza kwa nini tusipige kura wikendi, tusipoteze siku ya kazi. Katika maeneo haya ya ziwa jibu liko makanisani. Wasabato walifungua misheni ya Gendia, katika Homa Bay ya leo, mwaka wa 1906, na leo Nyanza Kusini na Kisii wamejaa waumini wanaoitunza Jumamosi kuwa siku takatifu. Jumapili nayo ni ya Wakatoliki, Waanglikana na wengine wengi. Ukichagua mojawapo, umemlazimisha raia achague kati ya Mungu wake na kura yake.

Tanzania imeipitia njia hiyo. Kwa muda mrefu ilipiga kura Jumapili, na uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulikuwa Jumapili. Mwaka wa 2020 ikahamia Jumatano tarehe 28 Oktoba, na siku hiyo ikatangazwa kuwa ya mapumziko. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa Jumatano tena, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mapumziko. Jirani zetu wameona kwamba siku ya kazi iliyogeuzwa kuwa mapumziko ni ya haki kwa waumini wote.

Lakini siku hiyo ya 2025 ina fundisho jingine. Intaneti ilizimwa, maandamano yakazuka, na jioni Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Watu walipewa siku ya kupumzika, lakini haikuwa siku ya amani. Mapumziko hayawezi kuchukua nafasi ya uchaguzi wenye ushindani na hesabu inayoaminika.

Kisumu inalijua hilo kuliko mji mwingine wowote Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na marudio yakapangwa Alhamisi tarehe 26 Oktoba. Serikali ikatangaza mapumziko. Mgombea wa upinzani, Raila Odinga, na muungano wake wa NASA wakasusia. Hapa Kisumu, na katika Siaya, Homa Bay na Migori, siku ile ilipita bila kura kupigwa. Makarani wengi hawakufika vituoni, barabara zilifungwa kwa mawe na matairi, na moshi ulitanda Kondele. Tume ya uchaguzi ikahamisha upigaji kura wa kaunti hizo hadi Jumamosi tarehe 28, siku ya Sabato, kisha ikauahirisha kabisa. Nchi nzima, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 39 ya walioandikishwa. Tulikuwa na sikukuu ya kura isiyo na kura.

Hesabu isiyofichika

Anayepinga hoja yangu ana takwimu nzuri za kunijibu. Mwaka wa 2013 waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 86. Mwaka wa 2017, katika uchaguzi wa Agosti, walikuwa karibu asilimia 79. Mwaka wa 2022, kati ya wapiga kura 22,120,458 walioandikishwa, waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, maana yake zaidi ya watu milioni saba walibaki nyumbani. Siku zote tatu zilikuwa za mapumziko. Kama mapumziko ndiyo dawa, mbona idadi inashuka?

Inashuka kwa sababu watu wamechoka na ahadi, wengine wamepoteza imani na hesabu, na wengi wa vijana hawaoni tofauti kati ya anayetoka na anayeingia. Hayo hayatibiwi na kalenda. Lakini tusichanganye mambo mawili. Aliyeamua kutopiga kura ametumia uhuru wake. Aliyetaka kupiga kura akashindwa kwa sababu ya zamu, nauli au njaa amenyimwa haki yake. Sheria haiwezi kumlazimisha wa kwanza, lakini ina wajibu kwa wa pili. Ibara ya 83 ya Katiba inasema mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi ifanywe kwa namna ya kumrahisishia raia anayestahili kupiga kura, wala isimnyime haki hiyo. Hilo ni agizo kwa serikali, si ombi.

Na huyo wa pili ni nani hapa Migosi? Kwanza ni muuguzi na mhudumu wa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado huiita Russia. Wodi haifungwi kwa sababu ni siku ya kura. Mwenye zamu ya mchana huingia kabla foleni haijasonga na kutoka kituo kinapokaribia kufungwa. Pili ni bawabu. Maduka na ofisi zikifungwa ndipo yeye anapohitajika zaidi. Tatu ni polisi aliyepelekwa kulinda kituo cha kaunti nyingine huku jina lake liko kwenye daftari la kwao.

Nne, na ndio wengi zaidi, ni watu wa jua kali. Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako katika sekta isiyo rasmi. Mtazame mama mboga wa kibanda cha kona. Siku ya kawaida huamka alfajiri kwenda kununua mali Kibuye, arudi na gunia la sukuma wiki na kreti ya nyanya, apange kabla wanaokwenda kazini hawajapita. Siku ya kura akienda sokoni kwanza, atakuta foleni imezunguka uwanja. Akienda foleni kwanza, atafungua kibanda mchana, na sukuma aliyobakiza jana imeshakuwa ya manjano. Wateja wake wenye mishahara wamesafiri au wamelala, na malipo yao ya siku hiyo hayakatwi. Yeye hakuna anayemlipa. Kibarua wa mjengo hali yake ni hiyo hiyo: mjengo ukifungwa kwa sababu ni sikukuu, hana ujira.

Kwa hiyo, kwa namna ilivyo sasa, siku ya mapumziko humpa zaidi aliye na hati ya mshahara na kumwachia gharama asiye nayo. Wanaosema hiyo ni sababu ya kuifuta wamekosea. Ni sababu ya kuitengeneza.

Nini kifanyike

La kwanza ni jepesi. Sheria ya Sikukuu za Umma ina jedwali linalotaja sikukuu zetu, kuanzia Mwaka Mpya hadi Krismasi. Siku ya uchaguzi mkuu haimo. Bunge liiongeze, pamoja na siku ya marudio ya uchaguzi wa rais na siku ya kura ya maamuzi. Kilichomo katika jedwali hakipotei waziri akinyamaza. Ushahidi ni Sikukuu ya Moi. Baada ya Katiba mpya iliacha kuadhimishwa, lakini jina lake lilibaki katika sheria. Novemba 2017 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuipuuza ni kukiuka sheria mradi Bunge halijaibadilisha, na mwaka uliofuata tarehe 10 Oktoba watu wakapumzika tena. Leo inaitwa Siku ya Mazingira. Ikiwa jedwali lilikuwa na nguvu ya kuilinda siku ya rais mmoja, litashindwaje kuilinda siku ya wananchi wote? Waswahili walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mpiga kura hafai kutegemea kalamu ya waziri, hasa waziri ambaye mkuu wake yumo kwenye karatasi ya kura.

La pili ni malipo. Kanuni zetu za mishahara zinasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili kwa saa hizo. Mabawabu na wauzaji wengi wa madukani hawalijui hilo, na wanaolijua huogopa kulidai. Wizara ya Leba iitumie wiki ya uchaguzi kulikumbusha na kulisimamia. Kwa kibarua tuige India. Huko sheria ya uchaguzi humpa mfanyakazi siku ya kura yenye malipo, na haki hiyo inamfikia hata anayelipwa kwa siku.

La tatu ni wale ambao kazi yao haisimami. Wauguzi, polisi na madereva wa masafa marefu wanahitaji utaratibu wao, ama kupiga kura mapema, ama kupiga kura ya rais walipo. Utaratibu huo uwe wazi mbele ya mawakala wa vyama vyote, maana kura ya mapema isiyoonekana huzaa shaka.

La nne ni muda wa kusafiri. Ikiwa sikukuu itajulikana miaka mitano mapema, waajiri wanaweza kupanga zamu, vyuo vinaweza kupanga mitihani, na wenye matatu wanaweza kuzuiwa kupandisha nauli ghafla. Mwaka wa 2022 aliyekuwa Waziri wa Elimu, George Magoha, alifunga shule kuanzia tarehe 2 Agosti, zifunguliwe tarehe 11, kisha ufunguzi ukaahirishwa mara mbili kadiri nchi ilivyosubiri matokeo. Wazazi walikuwa wakipokea habari mpya kila baada ya siku chache. Ratiba ya shule ya mwaka wa uchaguzi ingepaswa kuandikwa pamoja na tarehe ya uchaguzi.

Watakaosema gharama kwa uchumi ni kubwa wakumbuke kwamba tunazungumzia siku moja katika siku 1,826. Nchi hii ilitenga tarehe 13 Novemba 2023 ili watu wapande miti, ikatenga tarehe 10 Mei 2024 kuwaomboleza waliokufa katika mafuriko na kupanda miti tena, na ikatenga tarehe 17 Oktoba 2025 kumlilia Raila Odinga, siku moja kabla ya maelfu kumiminika katika uwanja wa Mamboleo, si mbali na Migosi, kumuaga. Sikuzipinga siku hizo hata moja. Zilionyesha kwamba taifa likitaka kusimama, husimama. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: tarehe 27 Aprili, siku ambayo raia wote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza mwaka wa 1994, imekuwa sikukuu ya kila mwaka, Siku ya Uhuru.

Ipo sababu nyingine ambayo hesabu ya shilingi haiioni. Kwa miaka mingi, uchaguzi ukikaribia, baadhi ya wakazi wa Kisumu walifunga mizigo wakaondoka, wenye maduka wakateremsha vyuma, na wazazi wakawaficha watoto ndani. Walikuwa na sababu. Agosti 2017 mtoto wa miezi sita alijeruhiwa Nyalenda katika msako wa polisi baada ya matokeo kutangazwa, akafa hospitalini. Kwa mji kama huu, siku ya kura imekuwa siku ya hofu kabla ya kuwa siku ya haki. Sheria inayoitangaza kuwa sikukuu, inayojulikana na kila mtu na kuheshimiwa na polisi na wanasiasa, haitaimaliza hofu hiyo kwa siku moja. Lakini itasema rasmi kwamba siku hii ni ya raia, na kwamba serikali siku hiyo ni mtumishi wake.

Muda upo. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni likitaka sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Halihitaji chama wala pesa. Chama cha mabawabu, kikundi cha akina mama wa Kibuye, wana bodaboda wa Kondele au wauguzi wa Russia wanaweza kuliandika na kulitia saini. Wabunge waliochaguliwa siku ya mapumziko ya 2022 hawana kisingizio cha kulikataa.

Na wewe unayesoma haya, usingoje sheria. Kama unaishi Migosi lakini jina lako liko kijijini, nenda katika ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya eneobunge lako uhamishe kura yako mahali unapoweza kuifikia kwa miguu. Kama wewe ni mwajiri, panga zamu za tarehe 10 Agosti 2027 sasa, ili asiwepo mtu wako atakayechagua kati ya kura na kibarua. Na kama una mjengo au kibanda chenye mfanyakazi wa kutwa, mlipe siku hiyo. Bunge likichelewa kutenda haki, sisi tusichelewe.